Pango Linalonuka Karatasi

Wanaume walipoondoka na jeneza kwenda kumzika Mkaza Mjomba, mke wa mjomba wangu, sisi wanawake tulibaki ukumbini kwake Msambweni, miguu imekunjwa juu ya mikeka, tukisoma na kulia na, kila kilio kilipopungua, kuchambuana. Mimi nilichambuliwa mapema. Binamu yangu Mwanajuma, ambaye tangu tukiwa wadogo hajawahi kuniacha nikapumua, aliwaambia wageni waliotoka Lunga Lunga kwamba yule mnene aliyeegemea ukuta ndiye anayeandika vile vitabu vya watu wanaoshuka chini ya ardhi na kukuta miji iliyosahauliwa, wanyama wenye meno kama mapanga, mito isiyojua jua. "Lakini msimtume chooni peke yake," akasema, "choo kiko nje." Wakacheka na leso midomoni, maana palikuwa matangani. Mgeni mmoja, kwa adabu zake, akaniuliza nimefika nchi gani na gani katika safari hizo. Nikamwambia ukweli: Ukunda mara nyingi, Mombasa nikilazimika, na kivuko sikipendi. Misitu yangu yote naivukia mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya kaimati. Nilichotaka kumwambia zaidi, na sikuweza kwa sababu mwenye kisa alikuwa njiani kwenda kaburini, ni kwamba niliwahi kufika mahali pamoja katika ujana wangu, na hapo palinitosha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo ambayo sikuwa na haraka nayo, nikapelekwa katika nyumba ile ile kumsaidia mke wa mjomba wangu. Mjomba Hamisi alikuwa karani wa dobi katika hoteli moja ya Diani. Asubuhi alihesabu mashuka ya watalii. Alasiri alirudi, akavua viatu vyake vyeusi vya kazi alivyovipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, akavipangusa, akajifungia chumba cha mwisho na kuandika hadithi ya Nchi ya Chini. Ilikuwa hadithi ya watu waliotoroka minyororo ya utumwa zamani, wakaingia pango la pwani na kuendelea kuingia, kizazi kwa kizazi, mpaka wakajenga mji wenye soko na kisima na mawe yanayong'aa badala ya jua. Shujaa wake aliyewatafuta aliitwa Mwatsahu. Mjomba aliandika nyuma ya menyu kuukuu za hoteli, kwa mwandiko uliofanana na njia ya kaa mchangani, na kazi yangu baada ya kuosha vyombo ilikuwa kuunakili usomeke. Upande mmoja wa karatasi palikuwa na kamba wa kuchoma na maembe ya barafu. Upande wa pili Mwatsahu alikuwa anapigana na chatu kipofu. Chumba chenyewe kilinuka sabuni ya hoteli, na pweza mkavu aliyetundikwa dirishani. Nilikipenda. Nilipenda hasa kwamba ndani yake mtu angeweza kukutana na chatu kipofu bila kusimama.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Neno lililosemwa chumba cha mbele lilipanda, likajigonga kwenye makuti, likakushukia wewe ulipolala, zima kabisa. Kwa njia hiyo nilijua mambo mengi ambayo msichana hakustahili kujua, mengi yakiwa ya kuchosha, na kwa njia hiyo nilisikia ugomvi wa mwezi. Maana Ramadhani ya mwaka ule ilikwisha mara mbili. Mjomba alikuwa mtu wa redio. Mkaza Mjomba alikuwa mtu wa macho.

"Redio imesema umeandama Makka," Mjomba akasema upande wa pili wa ukuta.

"Makka umeandama. Msambweni bado. Na mimi nakaa Msambweni."

"Mwezi ni mmoja, Bi Kombo."

"Basi nionyeshe."

Kesho yake Mjomba akavaa kanzu, akala Idi peke yake chumbani. Mkaza Mjomba alimpikia pilau, kwa kuwa mke ni mke, lakini yeye alikuwa bado amefunga na akakataa kugusisha hata ncha ya ulimi. Chumvi ilikuwa ya kutosha kukaushia papa. Mjomba aliila yote. Aliyeshinda hoja atalalamikaje chumvi? Mimi nilikuwa nimemfuata yule aliyeniamsha daku, kwa hiyo niliketi jikoni na njaa yangu nikimsikiliza Mjomba akinywa maji. Siku iliyofuata tukala Idi ya pili, tamu, na Mjomba akaja akala na hiyo pia. Tangu hapo nyumba ikawa na tarehe mbili za Mfungo Mosi, mwezi ule unaofuata Ramadhani: tarehe ya chumbani, iliyotangulia, na tarehe ya jikoni nyuma yake. Tuliicheka sana. Majirani walitusalimia, "Huko kwenu leo ni jana au kesho?"

Siku hizo hizo mhariri wa Nairobi akaurudisha mswada wa Nchi ya Chini. Alisifu mji, alisifu chatu, kisha akasema kwamba mahali Mwatsahu anapoingia ardhini hapaaminiki. Pango lako, alimwambia, linanuka karatasi. Jioni ile Mjomba hakugusa wali wala mchuzi. Alikaa mbele ya sahani akinusa hewa kama anayetafuta panya. Nikiwa nakunja mkeka wa kulia, nikasikia sauti zao zikipanda.

"Yule bwana amesema kweli," Mjomba akasema. "Nimeandika mapango manne na sijaingia hata moja. Hata stoo ya hoteli natuma mtu."

"Wewe unaogopa, Hamisi. Si dhambi. Hata Riziki anaogopa jogoo."

Riziki ni mimi. Jogoo yule alikuwa mbaya kweli.

"Nitaingia Fuvuni," Mjomba akasema.

Nikasikia Mkaza Mjomba akiweka sahani chini.

"Ukifia mle," Mkaza Mjomba akasema, "mimi sikai eda kwa ajili ya kitabu."

Fuvuni ni pango lililo chini ya jabali, kusini ya mji, na mdomo wake hauonekani siku nyingi, kwa sababu umo ndani ya maji. Huingilika wakati wa bamvua tu, mwezi unapokuwa mpevu au mchanga, bahari inapokupwa mpaka mbali kisha inarudi kwa nguvu ile ile. Watu wetu wanaliheshimu. Waliacha vitambaa na marashi mdomoni, na hakuna aliyeingia na viatu, mgeni wala mwenyeji, maana si nyumba yako. Saa za kuingia zilijulikana na kila mwanamke aliyekwenda mwambani kutafuta pweza, na Mkaza Mjomba alikuwa mmoja wao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeikariri kanuni yake: kumi na tano ya mwezi, maji hufika mwisho wa kupwa saa nne na nusu asubuhi, ukitangulia siku moja, yametangulia karibu saa nzima. Mjomba aliipenda sana kanuni hiyo, hata akamfundisha Mwatsahu katika sura ya pili ya mswada alioanza kuuandika upya.

Asubuhi aliyoichagua, Mkaza Mjomba alikuwa ameshakwenda zake mwambani, mapema kuliko tulivyomtarajia. Mjomba alifurahi kwamba hapatakuwa na maswali. Tulikunywa chai ya tangawizi kwa mahamri na mbaazi za nazi, bila haraka. Akaongeza kikombe. Akaniuliza kama ningependa kumshikia kandili, kwa sauti ya mtu anayetumaini utakataa ili naye apate sababu, na mimi nikakubali, kwa kuwa nilimwogopa mtu mzima aliye mbele yangu kuliko pango lililo mbali. Ndivyo woga wangu ulivyo mpaka leo. Hushughulikia cha karibu kwanza.

Mdomoni tulivua viatu. Vile vyeusi Mjomba aliviweka juu ya jiwe, soksi zimekunjwa ndani, na ndala zangu kando. Akanyunyiza marashi, akasema, "Hodi, wenyewe," kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuja kuazima unga. Kisha tukaingia. Nitasema nilivyoona, nisijifanye. Mwanga ulituacha baada ya kona ya kwanza kama mwenzio anayekumbuka ghafla kazi nyumbani. Mawe yalikata nyayo. Juu popo walikuwa wanaguna, hawaruki, wanaguna tu, kama watu walioamshwa. Kulikuwa na harufu ya mwani uliooza, na nyuma yake harufu nyingine ya baridi, ya birika la msikiti lililofunikwa siku nyingi. Halafu dari likashuka mpaka tukatambaa kwa magoti katika njia nyembamba, mimi na kandili nyuma, Mjomba mbele akisoma Ayatul Kursiy, akikosea, akirudia. Moyo wangu ulikuwa unapiga masikioni, nikafikiri ni bahari. Tulipotokea upande wa pili palikuwa na chumba kikubwa kuliko msikiti wa Ijumaa, na mbali juu, darini, tundu moja la mwanga lenye mizizi ya mti iliyoning'inia.

Hapo Mjomba wangu akabadilika. Alisimama katikati, suruali imeloa magotini, akacheka. "Riziki, shika hili: ukuta unatoka jasho. Shika: sauti inakurudia ikiwa ya mtu mwingine. Shika: giza lina uzito, linakukalia mabegani." Sikuwa na karatasi. Nilishika kwa kichwa, na huko ndiko yaliko hadi sasa. Nimekwisha kuyatumia katika vitabu vyote na hayajaisha. Aligusa kila kitu. Alilamba ukuta. Sijamwona mtu akiogopa na kufurahi kwa pamoja namna ile, na kwa muda kidogo nami nikasahau, mpaka nilipohisi baridi kati ya vidole vya mguu.

"Mjomba, maji."

"Masalio hayo. Bahari bado inatoka."

"Inaingia, Mjomba. Yalikuwa kwenye vidole, sasa yako kwenye fundo."

"Haiwezi kuingia." Akasogeza saa yake kwenye kandili. "Leo kumi na tano. Kumi na tano ni saa nne na nusu, na saa nne na nusu bado."

Nilitaka kunyamaza. Sikufundishwa kumsahihisha mjomba. Lakini maji yalipanda tena, kidogo tu, kama mtu anayevuta shuka.

"Kumi na tano ya nani, Mjomba? Yako au ya Mkaza Mjomba?"

Niliuona uso wake ukiitafuta hesabu na kuipata. Kanuni ya maji alikuwa ameitoa jikoni, kwa mkewe, aliyehesabu kwa mwezi wa macho. Tarehe alikuwa ameitoa chumbani, kwenye redio. Kwa bahari ya Msambweni leo ilikuwa kumi na nne, na ilikuwa imekwisha kukupwa, ikapumzika, ikageuka, wakati sisi tunaongeza kikombe cha chai.

Tulikimbilia ile njia nyembamba. Ilikuwa chini kuliko chumba, na ilikuwa imekwisha. Maji yalijaa mpaka dari lake, yakavuta, yakajaa tena, kwa sauti ya mzee anayekunywa uji wa moto. Mjomba aliingiza kichwa na mabega, wimbi likamrudisha kama anayetapikwa. Aliangukia kandili. Kioo kikalia, mwanga ukafa, tukabaki na lile tundu la juu tu, ambalo kutoka pale lilionekana dogo kama sahani. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Najua mtacheka, watoto wa pwani; chekeni. Tulipanda jiwe lililo chini ya tundu, tukashika mizizi iliyotufikia, ambayo ilikuwa myembamba na haikuweza kumbeba mtu, ila kumsimamisha.

Tulipiga kelele. Nilipiga mpaka koo likawa na ladha ya damu. Juu yetu, nje, kulikuwa na wachonga mawe wakikata matofali ya matumbawe, na tuliwasikia vizuri sana: mashoka yao, ta, ta, ta, na mmoja akiimba. Wao hawakutusikia. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, si maji, bali yule mtu akiimba vizuri hivi, ana siku yake njema, hapo juu ya kichwa changu. Maji yalifika magotini, yakafika mapajani. Mjomba alianza kutetemeka mwili mzima na kusoma shahada; mtu mzima alikuwa ameshaanza kuaga. Mkono wake mmoja ukaachia mzizi.

"Mjomba! Mwatsahu anatokaje?"

"Nani?"

"Mwatsahu. Sura ya tatu. Maji yamemjalia pangoni. Anatokaje?"

"Sijafika huko," akasema, meno yakigongana. "Sikumwandikia njia."

"Basi mimi nitasema, wewe shika mzizi. Ukiachia, nanyamaza."

Sikujua nilichokuwa nasema. Nilisema Mwatsahu aligusa ukuta akahisi umechorwa. Nilisema ni alama za vidole, za wale waliotoroka, kila aliyepita aliacha vidole vyake, wakubwa na watoto, na alama zilipanda juu kama ngazi. Maji yalifika kiunoni. Nilisema Mwatsahu aliweka vidole vyake ndani ya vidole vya mtoto mmoja. "Vingapi?" Mjomba akauliza, kwa sababu karani hubaki karani. "Vinne, kimoja kilikatwa." "Nani alikikata?" Nikabuni aliyekikata. Sauti yangu ilikuwa inalia na mimi naendelea kusema juu yake, kama mtu anayetwanga na mtoto mgongoni. Maji yalifika kifuani kwangu, na nilikuwa mfupi kuliko Mjomba, na nilikuwa nimeanza kusimama kwa ncha za vidole, nilipotambua kwamba mashoka yamenyamaza.

Tundu likawa jeusi. Kilikuwa kichwa cha mtu.

"Hamisi!" Ilikuwa sauti ya Mkaza Mjomba, na ilitushukia nzima kabisa, kama nyumbani. "Huko chini leo tarehe ngapi?"

Mjomba alimeza maji, akatema, akainua uso.

"Yako!" akapiga kelele. "Tarehe yako, Bi Kombo! Yako!"

Mkaza Mjomba alikuwa akirudi kutoka mwambani, akitembea mbele ya maji yanayojaa, ndipo akakiona kiatu cheusi kikielea mbele ya Fuvuni, na cha pili bado juu ya jiwe, na soksi yake ndani. Angeijua soksi ile popote. Ndiye aliyeitia kiraka. Hakuita mdomoni pale, maana alijua hapana faida. Alipanda jabali kwa mikono na magoti mpaka kwa wachonga mawe, akawaambia walete kamba yao ya kufungia matofali, na alipoona wanaduwaa akamtukana mmoja wao tusi ambalo siliandiki, wajukuu wanasoma. Nilivutwa kwanza mimi. Kamba ilinichuna makwapa na mizizi ikanichana uso, na nusu ya njia nilibisha kwamba sitaki kuning'inia, nirudisheni, jambo ambalo wachonga mawe walilisimulia mjini kwa miaka. Kisha Mjomba, polepole, wanaume watano wakivuta. "Mwandishi huyu amekula vitabu vyenyewe," mmoja akasema, lakini hakuiachia kamba.

Tuliketi juu ya jabali juani. Mkaza Mjomba alinifunga leso yake iliyoloa, inanuka pweza, akamfunga mumewe ile ya pili, akabaki na gauni lake la ndani mbele za wanaume wageni na hakujali. Hakumgombeza. Alimshika sikio, si kwa kulivuta, alilishika tu, akawa amelishika muda wote. Chini yetu bahari iliendelea. Kila wimbi lilipoingia, jabali liligonga mapajani mwetu, du, na hewa ikatoka tunduni kwa mluzi, kila mara mluzi mfupi zaidi, mpaka badala ya hewa yakatoka matone ya maji. Tulielewa wote watatu maana yake.

"Riziki," Mjomba akasema, midomo bado ya buluu. "Umemwacha wapi Mwatsahu?"

"Majini. Mpaka kifuani."

"Usimtoe bado."

"Mtoe," Mkaza Mjomba akasema.

"Bi Kombo, huelewi, ni mapema mno. Msomaji anataka..."

"Mtoe, mwanangu. Mtoe sasa hivi, apate nguo kavu."

Nikamtazama Mjomba, na niliona bado anapenda nimwache mle kidogo tu, ukurasa mmoja hivi. Maji yakaruka tunduni tena, yakanirushia usoni. Nikamtoa. Nilisema Mwatsahu aliona mwanga, akapanda, akatoka, akaketi juani, na Mkaza Mjomba akasema alhamdulillahi kana kwamba amemzaa yeye.

Mjomba hakuandika tena baada ya mwaka ule. Alisema pango sasa linanuka pango, na hawezi kukaa nalo chumba kimoja. Kitabu nilikimaliza mimi, nikiwa mtu mzima, na hicho ndicho cha kwanza chenye jina langu, chini ya lake. Nimeandika vingi tangu hapo. Wahariri wana lalamiko moja lisilobadilika: watu wangu wanashuka ardhini vizuri, woga wao unaaminika, lakini wanatoka haraka. Wakae zaidi, huniambia, msomaji anataka wakae. Nami huwajibu kwa heshima zote kwamba msomaji anayetaka hivyo, Fuvuni si mbali. Avue viatu, apige hodi, akakae mwenyewe.